Nakala, Mkono na Thamani: Picha za Akili Unde na Sanaa za Ukambani

Tangu mwaka 1936, insha ya Walter Benjamin juu ya sanaa na mitambo ilipochapishwa kwa mara ya kwanza, imekuwa desturi ya wahakiki kushikilia kwamba kazi ya sanaa hupungukiwa na kitu inaponakiliwa. (Wanaomtaja Benjamin aghalabu husahau kwamba yeye mwenyewe hakuyalilia mabadiliko hayo tu; aliyaona pia kuwa na manufaa kwa umma.) Hoja hiyo imefufuliwa kwa nguvu mpya tangu 2022, programu za DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion zilipoufikia umma. Picha inayopatikana kwa sekunde chache, na kwa idadi isiyo na kikomo, inasemekana imeishusha thamani ya sanaa. Kabla ya kauli hiyo kupokelewa jumla jumla, yafaa ipimwe kwa sanaa ambayo haikupata kuona haya kwa kujirudia, yaani sanaa ya Wakamba.

Historia ya vinyago vya Ukambani inajulikana. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wa kuuza huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na aliporudi akawafunza jamaa zake. Wamunyu iko Machakos, lakini Makueni nayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, na ufundi wenyewe haukujua mipaka ya wilaya. Walter Elkan alipochapisha uchunguzi wake katika jarida la Africa mwaka 1958, biashara hiyo ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Twiga yule yule na swala yule yule huchongwa mara elfu: huyu hukata gogo, yule hushika tezo, mwingine hupiga msasa. Wahakiki wa Kizungu waliziita kazi hizo sanaa ya uwanja wa ndege, kwa dharau.

Dharau hiyo ilidhani kwamba anayerudia hafikiri. Lakini kila gogo lina fundo lake na mkondo wake, na mchongaji hulazimika kuamua upya shingo ya twiga ipinde wapi. Mwanafasihi simulizi hapaswi kushangazwa na jambo hili. Mtambaji haulizwi iwapo ngano yake ni ya kwanza; huulizwa kama ameitamba vyema. Basi ikiwa wingi wa nakala peke yake ndio unaoua thamani, vinyago vya Wakamba vingekuwa vimekwisha kufa kabla ya Uhuru.

Kiondo kinatoa ushahidi mzito zaidi. Wanawake wa Kitui na Makueni husokota nyuzi za mkonge pajani, kama zamani walivyosokota nyuzi za gome la mbuyu, kisha huanza kusuka kwenye kitako na kupanda duru baada ya duru hadi ukingoni. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Viondo vilipopata soko Ulaya, Marekani na Japani, viigizo vilivyotengenezwa kwa mitambo huko Mashariki ya Mbali vilifuata, na bei ya kazi ya mkono ikaumia. Aliyeumizwa hapo hakuwa kiondo, bali msukaji. Tofauti hii ndiyo inayokosekana katika mjadala wa leo, ambapo "thamani" na "bei" hutumiwa kana kwamba ni neno moja.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa: akili unde hutoa picha tu, haisokoti mkonge. Ni kweli. Lakini leo mnunuzi wa mbali hukutana na picha kabla ya kukutana na kiondo, na ruwaza ndiyo inayomvutia kwanza. Zaidi ya hayo, programu hizi zimefunzwa kwa picha za kazi za watu. Hazina ya LAION-5B, ambayo sehemu zake zilitumiwa kuifunza Stable Diffusion, ina viungo vya picha zaidi ya bilioni 5 zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maelezo yake. Mwanagenzi wa Munge alimjua aliyemfunza, akamtaja na kumtumikia. Mtambo hautaji mtu. Kilichovunjika, basi, ni ile njia ambayo kwayo sifa na riziki humrudia mwalimu. Upekee wa kazi si hoja hapa.

Sheria inaonyesha ugumu huo waziwazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humhesabu kuwa mtunzi wa kazi iliyozalishwa kwa kompyuta yule aliyefanya maandalizi ya kuipata. Huko Marekani, kinyume chake, Ofisi ya Hakimiliki ilikataa mwaka 2023 kuisajili picha ya Jason Allen, iliyotokana na Midjourney na kushinda tuzo Colorado mwaka uliotangulia. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 11, inaliagiza Bunge kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi ikapitishwa mwaka 2016. Mtu akiagiza kompyuta impe ruwaza ya kiondo cha Kikamba, sheria ya kwanza yaelekea kumpa yeye utunzi. Ya pili yawapa wasukaji wa Kitui na Makueni dai lao. Atakayeamua baina yao atahitaji maelezo ya kihakiki juu ya ruwaza hizo, majina yake na maana zake, na maelezo hayo hayajaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili wala kwa Kikamba.

Hapo ndipo wanaisimu nao wanapohusika. Neno "sanaa" lilitujia kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutengeneza, na kwa muda mrefu lilimhusu fundi wa mkono sawasawa na mshairi. "Akili bandia" hutoa hukumu kabla ya kesi. "Akili unde" ni istilahi bora, kwa kuwa inakumbusha kwamba chombo chenyewe kimeundwa na watu. Ila waandishi wa magazeti wamezoea kusema kwamba mtambo "umechora" au "umetunga" picha. Kitenzi "kuzalisha", ambacho viwanda vimekitumia siku zote, kingetosha.