Angalikuwa: Juu ya Kilio cha Mchezaji Kijana na Ulinganishi wa Mabingwa

Sifa katika lugha yetu ina nyumba mbili kubwa. Nyumba ya kwanza ni kilio, ambamo aliyekufa husifiwa na walio hai. Nyumba ya pili ni ulinganishi, ambamo mabingwa wawili hutiwa katika mizani moja ili ijulikane nani mzito na nani mwepesi. Washairi wetu walizijua nyumba zote mbili: walitunga tungo za maombolezo, na walijibizana kwa mashairi mpaka mmoja akazidiwa. Siku hizi nyumba hizi zimehamia katika michezo. Mchezaji kijana akifa, watu humlilia kwa maneno yaliyo karibu sana na ushairi; na jioni, chini ya Mlima Meru, katika viwanja vya shule na vyuo vya Arusha, vijana hushindana kwa hoja juu ya mabingwa wa mpira wa kikapu ambao hawajapata kuwaona ila katika picha. Makusudi ya insha hii ni kuonyesha kwamba lugha ya vilio hivi na lugha ya mabishano haya zina ugonjwa mmoja, na kwamba ugonjwa huo unakaa katika silabi mbili: -ngali-.

Wanafunzi wa sarufi hufundishwa tofauti ya -nge- na -ngali-. Asemaye "angekuja ningempa" ameacha mlango wazi: yamkini mtu huyo aje. Asemaye "angalikuja ningalimpa" amekwisha kuufunga: wakati umepita na mtu hakuja. Katika mazungumzo ya kila siku wengi huzichanganya mbili hizi, wala si shabaha yangu kuwagombeza. Lakini kwa mhakiki tofauti hii ni mali. -nge- ni ya mtu mwenye kazi mbele yake. -Ngali- ni ya mtu mwenye majuto nyuma yake.

Tarehe 4 Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, timu ya vijana ya Mbao ya Mwanza ilicheza na timu ya vijana ya Mwadui ya Shinyanga. Ismail Khalfan wa Mbao alifunga bao. Baadaye, katika mchezo uo huo, alianguka, naye akafa siku ile ile. Umri wake ulikuwa miaka 19. Haya ndiyo mambo yake, nayo ni machache. Lakini tazama jinsi yalivyo mazito yakisemwa kama yalivyo. Neno "alifunga" na neno "alianguka" yamesimama karibu karibu, na katikati yao hapana nafasi ya pambo.

Desturi yetu ya kuwalilia vijana haitosheki na uchache wa namna hiyo. Hukimbilia kusema: angalikuwa Samatta mwingine, angalivuka bahari, angalituletea heshima. Mbwana Samatta ni kipimo cha haki kwa aliye hai, maana mwaka 2020, akiwa na Aston Villa, alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Lakini kipimo hiki kikitiwa katika kilio hufanya jambo baya bila kukusudia. Humwondoa marehemu mahali pake na kumweka mtu ambaye hakuzaliwa kamwe. Tunamlilia bingwa wa kubuni, na kijana wa kweli aliyekimbia na kufunga husahauliwa chini ya jina la mwenziwe. Mama hamlilii Samatta wa pili; humlilia mwanawe.

Huenda msomaji akajibu kwamba kifo cha kijana hakina maana nyingine ila hiyo ya mambo yaliyokatizwa. Kwamba mzee huliliwa kwa aliyoyatenda, na kijana kwa ambayo hakuyawahi. Jibu hili lina nguvu, nami silipuuzi. Walakini katika kukatizwa zimo hasara mbili. Kijana amepoteza siku zake: mvua za mwaka uliofuata, ndoa, watoto, uzee, hata michezo ya kushindwa. Hiyo ni hasara yake, na kilio kikiitaja ni kilio cha kweli. Sisi tumepoteza sifa tuliyotaraji kuipata kwa miguu yake. Hiyo ni hasara yetu, nayo ikijifanya kuwa kilio chake, ni choyo kilichovaa nguo za msiba.

Ugonjwa huu huu twauona katika mabishano ya kikapu, ingawa pale hapana maiti. Chukua mathalani Bill Russell na Wilt Chamberlain wa Marekani. Chamberlain alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, tarehe 2 Machi 1962. Russell alitwaa ubingwa wa ligi ya NBA mara 11 katika misimu 13 aliyoichezea timu ya Boston. Walikutana uwanjani zaidi ya mara 140. Ungedhani watu waliokutana mara nyingi hivyo hawana haja ya kukisiwa. Hata hivyo wabishi huiacha michezo ile na kukimbilia -ngali-: Chamberlain angalikuwa na wenzi wa Russell, angalivitwaa vikombe vyote, Russell angalikosa wenzi wake, angalisahauliwa. Kwa Michael Jordan na LeBron James hali ni mbaya zaidi. Jordan aliacha kucheza Aprili 2003, na James akaanza katika ligi ile Oktoba ya mwaka huo huo. Hawakupambana hata siku moja. Ubishi wao ni -ngali- toka mwanzo mpaka mwisho, na kila jiwe la nyumba ya mmoja limeng'olewa katika ukuta wa mwingine.

Madhara ya mchezo huu wa maneno huonekana tukija nyumbani. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana aliyekulia Dar es Salaam, alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika wachezaji wote wapya wa mwaka ule, naye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. James Harden alichaguliwa wa tatu, na Stephen Curry wa saba. Aghalabu jina la Thabeet hutajwa kwa ajili ya hawa wawili tu: Memphis wangalimchukua huyu, wangalimchukua yule. Mtu aliyetoka mbali hivyo amegeuzwa kuwa mfano wa kosa la wachaguzi. Basi marehemu hudhulumiwa kwa kuambiwa angalikuwa fulani, na aliye hai hudhulumiwa kwa kuulizwa mbona si fulani. Dhuluma hizi ni ndugu wa tumbo moja.

Iko -ngali- iliyo halali, na mkoa wa Arusha umetupa mfano wake. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, tarehe 2 Februari 1974 alikimbia mita 1,500 mjini Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand alikuwa nyuma yake. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, ziligomea Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza katika Afrika Kusini ya ubaguzi. Walker alishinda dhahabu ya mita 1,500 bila ya Bayi. Kuuliza ingalikuwaje wangalikutana ni haki. Lakini ampendaye Bayi asianzie Montreal, ambako hakuwapo. Aanzie Christchurch, ambako alishika mbele tangu mapema na hakupitwa mpaka mwisho.

Hata uwanja wa mpira wa mji wa Arusha ni somo la jambo hili, maana umeitwa Sheikh Amri Abeid, kwa ukumbusho wa mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abeid alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri. Alifariki mwaka 1964, akiwa na umri wa kama miaka 40. Kwa mshairi huo bado ni ujana. Walakini sisi wasomi wa ushairi hatumsomi kwa -ngali-. Hatukai kukisia diwani ambayo hakuiandika. Twaifungua ile aliyoiacha, twahesabu mizani yake, twabishana na sheria zake. Heshima ya namna hiyo ndiyo anayostahili Ismail Khalfan: bao lile la Kaitaba lisomwe kama ubeti mmoja uliotimia, si kama mwanzo wa utenzi uliopotea.

Je, -ngali- itupwe? La. Ipewe kazi yake, nayo ni kutushitaki sisi tulio hai na kutusukuma kwenye -nge-. Tarehe 12 Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani mjini Copenhagen, moyo wake ukasimama. Alikandwa kifua pale pale na kushtuliwa moyo kwa mashine. Alipona, akacheza tena. Sisemi kwamba mashine ile ingalimwokoa Ismail. Kusema hivyo ni kurudi katika ubashiri ninaoulaumu. Nasema kwamba Arusha imepangiwa uwanja mpya wa watazamaji 30,000 kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na kwamba vijana wengi zaidi wataendelea kucheza katika viwanja vya vumbi, kutoka Ngaramtoni mpaka Usa River, ambako hapana kamera wala daktari. Ingekuwaje kila kijana angepimwa moyo kabla ya ligi kuanza? Ingekuwaje kando ya kila uwanja pangekuwa na mtu mmoja ajuaye kukanda kifua? Maswali haya bado ni ya -nge-, na mlango wake u wazi. Tukiyaacha yapite yatageuka kuwa -ngali-, na siku hiyo tutakuwa tumekusanyika tena kumlilia mtoto wa mtu.