Hadhira kama Mhariri wa Video ya Muziki

Mwanafunzi anayepiga picha za kamabeka, ngoma ya Wabukusu, mara nyingi hungoja kazi ikamilike ndipo awaite watazamaji. Huo ni utaratibu wa kinyume. Kule Kamĩrĩĩthũ, mwaka 1977, mazoezi ya *Ngaahika Ndeenda* yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakasahihisha lugha na nyimbo kabla ya onyesho. Mtazamaji wa Bungoma ataona mara moja kwamba kamera iliyoelekezwa usoni tu imeyapoteza mabega, nayo mabega ndiyo ngoma yenyewe. Wa Kitale, mji wa makabila mengi, huenda akadai maana ya maneno. Dai la kwanza larekebisha kazi. La pili laweza kutoshelezwa kwa maandishi chini ya picha. Kuyachanganya ndiko kunakomfanya mwanafunzi apunguze beti za Kibukusu kwa ajili ya asiyezielewa, na litungu likabaki pambo tu.