Rimu za 590 Garissa? Hapana

Mashine yenyewe mmeiona. Imepita Soko Ng'ombe, imevuka daraja la Tana na kurudi, mwenyewe ameegemea nyuma kama waziri ndani ya gari la serikali huku mikono ikizungusha krenki kifuani. Sitaieleza upya. Ni baiskeli ya mkono ya magurudumu matatu, kiti kimeshushwa na kulazwa, na gurudumu la mbele ndilo linalovuta. Ni kazi ya kwanza ya fundi kijana wa hapa mjini, na kwa kazi ya kwanza amewashinda wengi wenye karakana za miaka mingi. Ila hayo magurudumu. Yalikuwa kosa siku aliyoyanunua, yalikuwa kosa siku aliyoyafunga, na yataendelea kuwa kosa hadi siku yatakapong'olewa.

Tuanzie pale alipoamua. Kijana alikwenda Nairobi kutafuta vifaa, akafika kwenye baiskeli za mitumba zinazoshushwa na makontena kutoka Japani. Akaona magurudumu ya kupendeza: rimu za alumini, spoki zisizoshika kutu, habu zinazozunguka bila hata mkwaruzo. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 26 x 1 3/8. Yeye akasoma 26 akaishia hapo. Akalipa magurudumu matatu ya kipimo kimoja, akayafunga juu ya basi, akarudi nyumbani anachekelea. Nilipomuuliza kuhusu tairi za akiba akanijibu, "Mzee, ishirini na sita ni ishirini na sita. Kila duka hapa linazo."

Hapana, mwanangu. Maduka ya hapa yana 26 nyingine. Geuza tairi la baiskeli yoyote ya milimani inayouzwa mjini, lile pana lenye meno, 26 x 1.95 au 26 x 2.125, utafute zile namba ndogo zenye kistari katikati. Ya mwisho ni 559. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha pale waya wa tairi unapokaa kwenye rimu. Sasa geuza tairi la Mjapani: 37-590. Tofauti ni milimita 31. Tairi la 559 halipandi kwenye rimu ya 590 hata ukaliitia vijana wanne na mitaimbo ya chuma. Utakata waya au utapinda rimu. Na ukiligeuza jambo, tairi la 590 juu ya rimu ya 559 linapwaya na kuchomoka pindi unapojaza upepo. Namba 26 hapo mbele ni kipimo cha zamani cha nje, tairi likiwa limejaa, na kila kiwanda kilikipima kwa unene wa tairi lake. Haikusaidii kitu dukani.

Kilichomdanganya kijana ni tyubu. Tyubu ya 26 inanyumbuka. Inaingia kwenye 559, inaingia kwenye 590, inajaa vizuri na haileti malalamiko. Siku alipopata pancha ya kwanza alinunua tyubu duka la jirani, ikakaa, akaamini amethibitisha. Hakuna kifaa kinachowapotosha mafundi wapya kama tyubu, kwa sababu inakubali kila kitu.

Halafu mathenge, ule mti wa miiba, ikafanya kazi yake. Hatuhitaji kuambiana kuhusu mathenge katika eneo hili. Wenzetu wa Baringo walifikia kumpeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno kwa sababu ya maganda yake. Mwiba wake ukiingia katikati ya tairi, hiyo ni pancha tu. Ukiingia ubavuni, na tairi ni jembamba la milimita 37 lililotengenezwa kwa lami ya mjini Osaka, linapasuka. Sasa nendeni mkalitazame gurudumu la nyuma la kushoto. Limeshonwa kwa uzi wa nailoni, mishono tisa, na ndani limetiwa kipande cha tairi kuukuu. Mshono umevimba kiasi kwamba gurudumu linadunda kila mzunguko, na mwenyewe anakuhesabia madundo akiwa kwenye lami. Kushona si aibu, ni ufundi, lakini baiskeli ya wiki chache haistahili kushonwa tairi wakati duka lililo hatua hamsini limening'iniza tairi mpya kumi ambazo haziwezi kupanda kwenye rimu zake.

Unene nao ni kesi yake. Ukitoka kwenye lami ya mji huu unaingia mchangani, na mchanga unataka tairi pana lenye upepo mdogo. Hilo la 37 ukilipunguza upepo, rimu inagonga chini. Ukilijaza, linakata mchanga na kuzama. Zaidi ya hapo, mafundi wa hapa wana dawa yao ya miiba: wanachukua tairi lililochakaa, wanakata waya wake na meno yake, wanalilaza ndani ya tairi zima kama ngozi ya pili. Kwenye 2.125 nafasi ipo. Kwenye 1 3/8 hakuna pa kuliweka.

Mtasema abadilishe rimu tu, yaishe. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu uamuzi mmoja mbaya haukai peke yake. Gurudumu la mbele lina breki za V, na vigingi vya breki amevichomelea kwenye foku kwa kipimo cha rimu ya 590. Akiweka rimu ya 559, uso wa rimu unashuka milimita 15 na nusu, na mfereji wa kurekebisha raba haufiki huko. Raba itakanyaga tairi badala ya rimu, na tairi litaliwa. Kwa hiyo rimu inadai vigingi vikatwe, vigingi vinadai foku ichomelewe tena, na spoki alizonazo zitakuwa ndefu kwa kama milimita 15, zinadai nyingine. Vyote hivyo vinatokana na kutosoma namba tatu ubavuni mwa tairi.

Mengine yote? Fremu imenyooka. Kikombe cha krenki amekikata kutoka baiskeli ya Black Mamba iliyokufa, pamoja na kotapini zake, na hilo ni sahihi kabisa. Friwili na cheni nene ya nusu inchi kwa moja ya nane, sahihi. Magurudumu ya nyuma yameshikwa pande zote mbili ili habu za kawaida zitoshe, sahihi. Kiti amekisogeza mbele ili gurudumu linalovuta lipate uzito, sahihi, na ningempa mkono kwa hilo peke yake. Tuendelee.

Gia hakuweka, nami namshukuru. Wasomaji wa safu hii wanajua msimamo wangu kuhusu gia za nje, zile zenye kamkono kanakoning'inia karibu na ardhi: kwenye vumbi letu ni mapambo yanayosaga cheni. Akitaka gia siku moja, atafute habu ya Sturmey-Archer ya mwendo wa tatu, ambayo Waingereza waliitoa mwaka 1902 pale Nottingham na mpaka leo meno yake yamefungiwa ndani, mbali na mchanga. Lakini nisijibiwe tena kwamba "siku hizi kuna alumini". Alumini si tatizo. Tatizo ni kununua uzuri kabla ya kuuliza mji una nini.

Wazee waliuliza. Mafundi waliokuwa wakiunda baiskeli za mkono kwa mabomba na mashine ya kuchomelea walichukua magurudumu ya Black Mamba, 28 x 1 1/2, yaani 635, rimu za chuma, spoki 32 mbele na 40 nyuma. Zilikuwa nzito, ndiyo. Breki zake ni za vyuma zinazobana rimu kutoka ndani, maana ubavu wa rimu zile ni wa mviringo na breki ya V haishiki hapo. Lakini tairi lilipokufa Mwingi, lilipatikana Mwingi. Lilipokufa Dadaab, lilipatikana Dadaab. Kwa fundi yeyote anayejenga mara ya kwanza ningesema hivi bila kupepesa: 635 kama unapenda chuma, 559 kama unataka upana, 406 ya baiskeli za watoto kama unataka magurudumu madogo magumu ya nyuma. Hiyo ya mwisho nayo ina mtego wake, kwa sababu kuna 20 nyingine, 20 x 1 3/8, ambayo ni 451. Ni hadithi ile ile, tofauti milimita 45.

Tena baiskeli ya magurudumu matatu hailali kwenye kona. Ya magurudumu mawili inainama na uzito unashuka kwenye spoki wima. Hii inasukumwa ubavuni, na gurudumu kubwa lenye spoki chache hupinda mapema. Ndiyo maana hesabu ya spoki ina uzito zaidi hapa kuliko kung'aa kwa habu.

Ukitaka shujaa wa mbali, yupo Stephan Farffler, mtengeneza saa wa Altdorf karibu na Nürnberg, Ujerumani. Miguu yake haikufanya kazi. Mwaka 1655 alijiundia gari la magurudumu matatu la kuzungusha kwa mkono, akalivutisha gurudumu la mbele kwa magurudumu ya meno, kitu alichokishika kila siku kwenye kazi yake. Hakuagiza asichoweza kukirekebisha. Ukitaka wa karibu zaidi, Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alikwenda Nicaragua mwaka 1980 na kukaa na watumiaji wenyewe wa viti vya magurudumu. Viti vilivyotokana na kazi yake, vile vya Whirlwind, vilipangwa kuanzia na vifaa vinavyopatikana sokoni. Na hapa kwetu chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimeunda viti vya magurudumu na baiskeli za mkono kwa miaka mingi. Kijana wetu angetazama chache zilizo mjini kabla ya kupanda basi la Nairobi, angeona wanafunga nini.

Wapo pia walioharibu kwa njia nyingine. Chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kilizifungia baiskeli za kuegemea mashindano yake mwaka 1934, mwaka mmoja tu baada ya Francis Faure kuendesha ya Charles Mochet kilomita 45.055 ndani ya saa moja mjini Paris. Uamuzi ule bado unaniuma. Tungekuwa na tairi na vifaa vya baiskeli hizi kila mahali leo kama viwanda vingeruhusiwa kuzishindanisha.

Msinielewe kwamba ninamkaba kijana kwa sababu ya milimita. Hili ni jambo la watu. Mwaka 2013 polio iliingia tena nchini kupitia ukanda huu wa Dadaab, na Kenya ikahesabu wagonjwa 14 mwaka ule. Mtoto aliyepooza wakati ule akiwa mchanga sasa amefika umri wa kusukuma baiskeli ya mkono kwenda shule. Atakayemuundia ndiye huyu fundi au mwenzake wa karakana ya jirani. Baiskeli ikisimama kwa kukosa tairi, mtu mzima mwenye miguu atasukuma yake hadi nyumbani. Mwenye baiskeli ya mkono anabaki pale pale barabarani, kwenye jua la Garissa, akisubiri mpita njia.

Kwa hiyo, fundi, usiishone tena. Ng'oa rimu zote tatu, uza Nairobi kwa mwenye baiskeli ya Kijapani, atazifurahia. Nunua rimu za 559 zenye matundu 36, lakini kwanza hesabu matundu ya habu zako. Yasipolingana, badilisha na habu. Kata vigingi vya breki, lakini usivichomelee upya kabla gurudumu jipya halijafungwa na kunyooshwa. Weka raba kwenye rimu kwanza, weka alama, ndipo uwashe mashine. Na wewe unayetaka kuagiza ya kwako, kabla hujatoa arubuni, mwambie fundi akuonyeshe dukani, hapa hapa mjini, tairi la akiba la kila gurudumu atakalofunga. Akikwambia "ishirini na sita", rudi na pesa zako.