Kati ya tope na vumbi

Geita, majira ya kupaka nyumba rangi ni mafupi. Masika yakiwa bado yapo, kila tone linalogonga ardhi hurusha tope jekundu ukutani. Julai ikishaingia, bodaboda zinazopita mtaani huamsha vumbi la rangi ileile, nalo likikuta ukuta mbichi hunata humo moja kwa moja. Katikati kuna wiki chache, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni, ambapo mvua imekata na udongo bado una ubichi wa kutosha kulizuia vumbi lisipande. Fundi tuliyemwita kupaka nyumba ya mama pale Nyankumbu alizijua wiki hizo kama mkulima anavyojua siku za kupanda. Mama alimwambia aje Ijumaa. Akaja Alhamisi jioni, tena bila brashi.

Alikuja na vipande vitatu vya nailoni, kila kimoja ukubwa wa daftari. Akavibandika ukutani sehemu tatu, akaziba kingo zote kwa tepu, akaaga akaenda zake. Asubuhi viwili vilikuwa vikavu. Cha nyuma ya jiko kilikuwa na matone kwa ndani.

"Mama, ukuta huu bado unakunywa maji," alisema.

Maji hupanda kutoka ardhini kupitia matofali, na yanapotoka kwenye uso wa lipu hukauka na kuacha chumvi. Chumvi hiyo ndiyo inayoivimbisha rangi na kuibandua. Mtaani tunaiita fangasi, tunaipaka rangi mpya juu, na masika yanayofuata tunaikuta palepale. Fundi alikwangua sehemu ile mpaka tofali likaonekana, akachimba mfereji wa kuyapeleka mbali maji ya kuoshea vyombo yaliyokuwa yakituama hapo, kisha akasema ukuta huo hataupaka safari hii. Mama hakupenda. Alikuwa amenunua rangi ya nyumba nzima na wageni walikuwa njiani. Mimi nilimtazama yule fundi akikataa sehemu ya ujira wake mwenyewe kwa sauti ya upole, na tangu hapo nikawa namfuata nyuma kama mwanafunzi.

Ijumaa yote hakufungua ndoo. Alipitisha kiganja ukutani, akakigeuza atuonyeshe: cheupe kama cha mtu aliyekanda unga. Ilikuwa chokaa ya zamani. Chokaa inapopakwa huvuta hewa ya ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe, na ikipakwa vizuri hushika. Yetu ilikuwa imechoka na kugeuka poda, na rangi ikiwekwa juu ya poda hushika poda, haishiki ukuta. Basi akasugua kwa brashi ngumu, akaosha, akajaza nyufa, akasubiri zikauke, akapiga msasa. Alipiga msasa macho yakiwa pembeni, vidole vya mkono wa kushoto vikitangulia. Vidole vyake vilikuta mabonde ambayo mimi sikuyaona hata nilipoelekezwa.

Kwa bibi yangu, Nyang'hwale, kazi hii ilikuwa ya kina mama na haikuhitaji duka. Mavuno yakiisha walichanganya udongo, mavi ya ng'ombe na majivu, wakasiriba nyumba kwa viganja, tabaka moja likisubiri lingine likauke. Usukumani ukuta umebeba mengi kuliko urembo. Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika kama mtaalamu wa mila, alichapisha mwaka 1953 kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha wacheza nyoka. Michoro ile ilikuwa ndani ya nyumba zao, kwa ajili ya macho ya wanachama. Huwa namwaza mtu aliyeuandaa ukuta ule kabla nyoka wa kwanza hajachorwa. Lazima naye alisubiri ukauke.

Jumamosi ndoo ilifunguliwa. Mkono wa kwanza aliuzimua kwa maji kidogo ili uingie ndani ya lipu. Brashi aliichovya theluthi tu, akaigonga ukingoni, akakata mstari chini ya dari kwa mkono mtupu, bila tepu. Alivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia mstari ulipofika konani. Rola ilifuata nyuma ya brashi upesi, kabla ukingo haujakauka, maana rangi mbichi ikipanda juu ya iliyokauka huacha alama isiyofutika.

Nje alipaka kwa kulikimbia jua. Nyumba ya mama inatazama kaskazini, na mwezi Juni jua letu hupita upande huo, hivyo uso wa nyumba huchomwa kutwa. Jumapili alikuwa ameanza nao alfajiri, wakati majogoo bado wanawika, ili rangi ikauke kutoka ndani badala ya kushikwa ngozi juu.

Kilichobaki ni ukanda wa chini, ule wa rangi ya mafuta iliyoiva, unaopokea tope. Nilitarajia atoe futi apime. Alichuchumaa badala yake. Kabla ya kuosha ukuta siku ile ya Ijumaa alikuwa ameweka vijialama vya penseli pale tope la masika lilipofikia: juu zaidi chini ya kona ya bati isiyo na mfereji, chini zaidi kwenye majani. Akatafuta alama iliyo juu kuliko zote, akaongeza upana wa kiganja, akapiga uzi wa chaki kuzunguka nyumba. Mvua yenyewe ilikuwa imempimia. Bibi naye alikuwa na ukanda wa namna hiyo, wa udongo mweusi, na sikuwahi kujiuliza aliujuaje urefu wake.

Jioni alimulika tochi ubavuni mwa ukuta, akaona chozi moja la rangi, akalilainisha. Rangi iliyobaki akaimimina kwenye kopo, akaandika "sebuleni" juu ya mfuniko.

"Wabeja," mama alimshukuru kwa Kisukuma, na kumpa chakula cha kuondoka nacho.

Alhamisi iliyofuata alipita tena, akabandika kipande kimoja cha nailoni nyuma ya jiko.