Uzi wa Pajani

Thamani ya kiondo, kikapu cha kusukwa kwa mkono, huamuliwa pajani, kabla msukaji hajazungusha hata duara la kwanza. Wanunuzi wengi hawana habari. Hutazama rangi, mistari na mkanda wa ngozi, na wakishapenda huanza kuvutana bei. Uzi hawauangalii. Lakini keti Kangundo, huku Ukambani, mahali akina mama wanaposuka, uwaone wanavyokagua kazi ya mwenzao: kidole gumba kinakwenda moja kwa moja kwenye uzi, kinausugua, kinaupinda, kinatafuta ulikonenepa na ulikokonda. Rangi itazungumzwa baadaye, kama itazungumzwa.

Kusokota kwenyewe ni hivi. Mama ameketi chini, miguu ameinyoosha, leso ameipandisha kidogo juu ya goti. Pembeni ana fungu la katani iliyochanwa, nyeupe, inayong'aa. Anachomoa nyuzinyuzi chache, anazigawa mara mbili, anazilaza sambamba juu ya paja. Kiganja kinashuka kuelekea gotini kwa msukumo mmoja, na mafungu yote mawili yanabiringika, kila moja peke yake, bila kugusana. Kisha anayaacha yakutane, kiganja kinarudi kuelekea kiunoni, na yale mawili yanajikunja yakawa uzi mmoja.

Siri yote iko katika huko kwenda na kurudi. Mwendo wa kwanza huzikaza nyuzi upande mmoja, wa pili huzikunja pamoja upande wa pili. Kila uzi ukijaribu kufumuka huzidi kuukaza mwenzake, ndiyo maana uzi huo ukiuachia haufumuki. Hakuna gundi wala fundo. Nyuzinyuzi zikikaribia kuisha, mama huchomeka nyingine kabla ncha hazijafika, akasokota zote pamoja, na pale palipoungwa hupaoni. Msukaji anayejifunza hujulikana hapo hapo: uzi wake una vinundu, na kila kinundu kitaonekana kwenye kiondo maisha yake yote.

Niliwahi kumuuliza mmoja wao, "Mwaitu, mama, unajuaje kwamba nyuzi ulizochomoa zimetosha?" Hakuacha kusokota. Aliniwekea nyuzinyuzi mkononi, akaniambia nifumbe macho, kisha akaniwekea nyingine, akaniuliza zipi ni nyingi. Sikuona tofauti yoyote. Yeye aliiona, na ilikuwa tofauti ya nyuzi mbili au tatu.

Katani yenyewe ni mgeni katika nchi hii. Mkonge unaoitoa asili yake ni Mexico. Mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kuileta Tanganyika, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka huko zao hilo likatapakaa Afrika Mashariki. Leo Ukambani mkonge umekuwa ua wa shamba na alama ya mpaka, umesimama kwenye kingo za matuta ambako hakuna anayeumwagilia maji. Zamani kiondo kilisukwa kwa nyuzi za vichaka vya porini na za gome la mbuyu, mti ambao huku kwenye vilima vya kahawa vya Kangundo huuoni. Lazima uteremke nyanda za joto za Kitui na Kibwezi. Wanawake waliupokea mkonge wakaufanyia mbinu ile ile ya paja. Mimi huona huo ni ujuzi mkubwa kuliko watu wanavyoukiri: malighafi imebadilika kabisa, na mkono ukaihamia bila kupoteza chochote.

Lakini mkonge hautoi vyake kwa urahisi. Jani hukatwa, miiba huondolewa, hupasuliwa vipande vyembamba, kisha hukwanguliwa kwa panga mpaka nyama yote ya kijani imetoka. Utomvu wake huwasha ngozi. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi unazopata ni kama kilo 4, zilizobaki ni maji na makapi. Kisha kuosha, kuanika, kuchana, na kama rangi inatakiwa, kuchemsha. Hayo yote yamefanyika na kiondo bado hakijaanza.

Kinaanzia kitakoni. Nyuzi chache za kusimama huwekwa zikikatana katikati, halafu nyuzi mbili za kuzunguka huanza safari: moja hupita mbele ya uzi wa kusimama, ya pili nyuma yake, zinapishana, na kwenye uzi unaofuata zinabadilishana zamu. Kwa hiyo kila uzi wa kusimama hubanwa pande zote mbili. Duara likipanuka, nafasi kati ya nyuzi za kusimama nayo hupanuka, na hapo msukaji huongeza nyingine. Akiongeza mapema, kitako huanza kuyumba mawimbi. Akichelewa, kinajikunja juu kabla ya wakati wake. Hana rula wala mchoro. Anapoona upana umetosha anaacha kuongeza, anavuta kidogo zaidi, na ukuta unaanza kupanda wenyewe. Wakati huo nyuzi za kusimama ambazo hazijasukwa zinaning'inia pande zote kama tamvua za shali.

Hizo tamvua hunikumbusha wanawake wengine, wa mbali sana. Huko Orenburg, kusini mwa milima ya Ural nchini Urusi, wanawake wamefuma shali za sufu ya mbuzi kwa vizazi vingi. Baridi kali ya huko humfanya mbuzi aote sufu laini chini ya manyoya yake, nayo huchanwa kwa kitana baridi inapokaribia kwisha. Shali iliyo nyembamba kabisa huweza kupitishwa yote ndani ya pete ya ndoa. Watu wamezoea kuisifia pete. Lakini ukiuliza inawezekanaje, jibu linakurudisha kwenye uzi: mwanamke husokota sufu kwa pia ya mkono mpaka iwe uzi mwembamba mno, kisha huukunja pamoja na uzi wa hariri ili upate nguvu. Nyuzi mbili zinakazana ili hata moja isifumuke. Mama wa Kangundo asiyejua neno moja la Kirusi angeielewa kazi hiyo kwa kutazama mara moja.

Kazi hiyo ilipewa heshima ya waziwazi. Mwaka wa 1862, kwenye maonyesho makubwa ya London, mwanamke wa Kikosaki kutoka Orenburg, Maria Uskova, alipata nishani kwa shali zake. Karibu karne moja baadaye, mwaka wa 1958, ulitungwa wimbo kuhusu shali ya Orenburg, wa mtoto anayetaka kumkinga mama yake na baridi. Lyudmila Zykina, mwimbaji aliyezaliwa mwaka wa 1929 na kufariki mwaka wa 2009, aliuimba kwa ile sauti yake nzito yenye utulivu mpaka wimbo na yeye vikawa kitu kimoja katika masikio ya Warusi. Hivyo shali ikapata jina la mfumaji, ikapata na sauti.

Ukambani nako kuna wanawake waliobaki na majina. Syokimau hukumbukwa kama mwonaji aliyetabiri kuja kwa reli, nyoka mrefu kutoka majini, na stesheni ya treni iliyofunguliwa nje kidogo ya Nairobi mwaka wa 2012 inaitwa kwa jina lake. Siotune wa Kathuke, mjane wa hapa Machakos, mwaka wa 1911 alishirikiana na Kiamba Mutuavio kutumia ngoma ya kilumi kuwahamasisha watu waukatae utawala wa Waingereza. Serikali iliwakamata ikawahamishia mbali na kwao. Uskova tunamjua kwa sababu kuna aliyemwandikia nishani, na Siotune yumo katika kumbukumbu za serikali kwa sababu serikali ilimwogopa. Msukaji wa kiondo hakupewa nishani wala kushtakiwa, kwa hiyo hakuna karani aliyeandika jina lake. Hilo linanisikitisha kweli, kwa sababu viondo vya Ukambani vimefika miji mikubwa ya dunia, na sijui hata kimoja kilichofika huko na jina la aliyekisuka.

Wenyewe kwa wenyewe lakini wanajuana. Waliozoea kukaa pamoja hutambua mkono wa fulani bila kuambiwa: huyu huvuta sana, yule uzi wake ni mwembamba, mwingine mistari yake hukutana mahali ilipoanzia bila kupishana hata kwa shimo moja. Hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana. Duara linazunguka bila kukoma, na rangi zinabadilishwa njiani, kwa hiyo msukaji lazima abebe hesabu kichwani tangu kitakoni mpaka mdomoni. Hesabu hiyo huibeba huku akizungumza, huku akimtuma mtoto dukani, huku akitembea. Ndiyo, akitembea: mwanamke wa Kikamba anayesuka njiani, kiondo kikiwa kwapani na vidole vikifanya kazi, ni jambo la kawaida kwa yeyote aliyekulia huku.

Kiondo kimeumbwa kwa ajili ya muda wa namna hiyo, muda uliokatwakatwa. Unaweza kukiweka chini katikati ya duara na kukishika tena baada ya siku mbili, na hakitafumuka. Wanawake hawa ndio walioshika majembe katika mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, wakachimba matuta ya fanya juu yaliyookoa udongo wa vilima vya Machakos. Waliochimba matuta asubuhi ndio waliokuwa na kiondo mikononi mchana, kwenye mkutano wa kikundi, wakipanga nani atalimiwa wiki inayofuata na nani amepungukiwa karo.

Karo ndiyo iliyobeba biashara ya viondo. Katika miaka ya 1970 na 1980 Ulaya na Marekani walivipenda mno, madalali wakajaa vijijini, na fedha zikaingia. Kisha zikaja nakala zilizotengenezwa Asia kwa mashine, bei ikaanguka. Nimewahi kuzishika nakala hizo. Umbo ni lile lile, mistari ni ile ile, lakini uzi umelala, hauna ukaidi. Ukiuminya haurudi. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, nilitarajia kiondo cha katani kirudi mikononi mwa watu sokoni. Kimerudi kidogo. Vikapu vya mikanda ya plastiki, ambavyo pia husukwa na wanawake kwa ustadi wao, ni rahisi zaidi na havihitaji kusokotwa. Wasukaji wengi sasa huchanganya katani na nyuzi za sweta, kwa sababu zinapatikana dukani zikiwa na rangi tayari. Siwalaumu. Aliye na shamba, ng'ombe na wajukuu hana saa za kukwangua mkonge bure.

Na mara nyingi ni bure kweli. Ukijumlisha kukwangua, kuosha, kuchana na kusokota, kazi ya uzi hula muda mwingi kuliko kusuka kwenyewe, na bei ya sokoni huhesabu kusuka tu. Kiondo cha wastani huweza kumchukua mwanamke mwenye shughuli nyingine wiki kadhaa. Dalali hukigeuza mara moja, akataja bei.

Kwa hiyo ukifika Kangundo au mji jirani wa Tala na kutaka kununua, acha kwanza rangi. Kigeuze ndani nje. Kilichosokotwa vizuri hukubali kugeuzwa na kurudi katika umbo lake. Kiinue kwenye mwanga uone kama kuna matundu, hasa pale kitako kinapogeuka kuwa ukuta, maana hapo ndipo wenye haraka hujificha. Tazama mdomo: ncha za nyuzi za kusimama zapaswa kuwa zimekunjwa na kusukwa zikajifunga zenyewe, si kukatwa na kushonewa kitambaa juu. Vuta uzi mmoja taratibu kwa kucha. Kisha muulize muuzaji ni nani aliyesokota, na kama ni yeye mwenyewe, mwachie ataje bei, umlipe.