Jukwaa la Bei Nafuu Huanza na Ardhi

Kundi la maigizo lenye shilingi chache likitaka jukwaa, mara nyingi huanzia dukani: rangi kiasi gani, plaiwudi ngapi, kitambaa mita ngapi. Huko ni kuanzia mwisho. Anayetaka kuigiza Gatwekera, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, ana mfano bora wa kuuchambua huko Limuru, mji ulio kwenye reli ile ile inayoikatiza Kibera.

Mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru, walijenga ukumbi wa wazi wa kuketi watu zaidi ya 2,000, ili kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Aliyelisanifu jukwaa hakuwa msanifu majengo. Gatoonye wa Mugoiyo, tarishi wa ofisi, alilipanga kwanza chini kwa njiti za kiberiti. Hatua ya namna hiyo huokoa gharama, kwa sababu kosa linaloonekana kwenye njiti hurekebishwa kwa kidole, ilhali nguzo iliyokwisha kuchimbiwa huhitaji jembe, mbao nyingine na siku nyingine.

Viti vilipanda kwa ngazi, ukumbi haukuwa na paa, na uzio wa nje ulikuwa wa mianzi. Bila paa hakuna nguzo za kumzuia mtazamaji kuona, na mchana hakuna haja ya taa. Nafasi kubwa iliachwa kuzunguka jukwaa na viti, waigizaji wakawa wanapita katikati ya watu. Katika onyesho moja baadhi yao walipanda mikaratusi iliyokuwa nyuma ya watazamaji na kuimba kutoka juu, jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi. Miti ikawa mandhari, na hakuna aliyeilipia.

Gatwekera nayo ina utajiri wa namna hiyo. Ardhi yake inateremka kutoka upande wa reli kuelekea mtoni, takriban kusini. Watazamaji wakiketi kwenye mteremko na waigizaji wakisimama chini yao, ngazi za viti zimepatikana bila mbao. Kuanzia saa kumi alasiri jua huwa magharibi, yaani ubavuni: halimchomi mtazamaji machoni wala halimpofushi mwigizaji, bali hupiga shavu moja na kuuchora uso vizuri.

Kelele ndiyo shida kubwa zaidi: redio, mafundi, garimoshi. Hapa mabati makuukuu yanashinda pazia. Kitambaa humeza sauti, lakini kitu kigumu kilichosimama nyuma ya mwigizaji huirudisha mbele kwa watu. Mabati yapigiliwe imara kwenye fremu za mbao za inchi 2 kwa 2 na kuwekewa gadi kwa nyuma, la sivyo upepo utayatikisa na kelele yake itafunika maneno. Rangi si lazima, maana kutu na matundu ya misumari vinaeleza mtaa kuliko mchoro wowote.

Jambo moja la Kamĩrĩĩthũ lisiigwe. Ukumbi ule ulikuwa wa kudumu. Serikali ilifuta kibali cha onyesho Novemba 1977, na Machi 1982 polisi wakaubomoa. Gatwekera, ambako uwanja mtupu ni adimu na wenyeji wengi hawana hati ya ardhi wanayokalia, jukwaa lazima liweze kuondoka. Kila fremu iwe ya kubebwa na watu wawili, ijikunje kwa bawaba, ipinde kona za vichochoro visivyopitisha gari, na zote zitoshe kwenye mkokoteni mmoja.

Kwa hiyo fedha kidogo zilizopo ziende kwanza kwenye viungo: bolti badala ya misumari, bawaba nzito, kamba nzuri. Msumari ukishang'olewa mara kadhaa huacha mbao imepasuka. Bolti hufunguliwa jioni na kufungwa tena kesho yake mtaa mwingine, na kundi linaloweza kufanya hivyo lina ukumbi popote penye mteremko na watu.