Edo Bado Hajafika Kwetu

Hapa Juba, kitabu kipya ni kile kilichokufikia jana, hata kama kilichapishwa miaka mitatu iliyopita. Kinakuja kwenye begi la mtu aliyetoka Nairobi au Kampala, kinazunguka Gudele mpaka Munuki, kinarudi bila jalada. Kwa hiyo msinicheke nikiita hivi vitatu vipya: Peponi, Theft na Edo's Souls. Nataka kuvisema pamoja, maana vikikaa pamoja ndipo pengo letu linaonekana.

Tuanze na Peponi. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Akapata Nobel 2021, na 2022 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaitoa kwa Kiswahili, mfasiri Ida Hadjivayanis. Piga hesabu: miaka 28. Yusuf ni mvulana mdogo anayechukuliwa na tajiri Aziz, mtu ambaye nyumbani kwao anahesabiwa kama ndugu. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Dukani, Khalil ndiye anayemfundisha kwamba huyu si ndugu yako, huyu ni bwana.

Vijana ninaosoma nao hawakuhitaji maelezo. Juba ina watoto wengi wanaolala kwa "anko" ambaye si anko. Wanachota maji, wanafua, na kuhusu shule wanaambiwa mwakani. Kitabu kiliwashika kwa sababu kilikuwa kwa Kiswahili. Kumwita mtu ndugu, halafu ujue ni bwana, hayo ni maneno wanayoyatumia kila siku, si maneno ya mtihani.

Theft ilitoka 2025, na humo Gurnah anamrudia mtoto wa namna ile ile. Badar analetwa Dar es Salaam kutumika katika nyumba ya watu, anasingiziwa wizi, halafu Karim anamchukua Zanzibar, anapata kazi hotelini. Nilichokipenda ni kwamba hapa kinachoumiza ni wema kuliko fimbo. Karim anasaidia kweli, ila polepole msaada unaanza kunuka deni. Nani kati yetu hajui msaada wa aina hiyo? Lawama yangu ni moja: katikati ya riwaya Karim na Fauzia wanajaza nafasi yote, na Badar anasukumwa pembeni, kama vile hata mwandishi amemtuma dukani.

Sasa Edo's Souls. Hiki ndicho chetu kabisa. Stella Gaitano alizaliwa Khartoum kwa wazazi wa kusini, anaandika kwa Kiarabu. Riwaya ilitoka 2018, na Sawad Hussain akaitafsiri kwa Kiingereza, ikachapishwa 2023. Inaanzia kijijini huku kusini, kwa mama anayezika watoto mmoja baada ya mwingine. Binti yake, Lucy-Eghino, anabeba mzigo wa kuzaa kwa niaba ya wale waliokufa, na vita vinamsukuma Juba, halafu Khartoum. Sura za kijijini ni nzuri mno. Za mjini zimejaa watu. Ukiweka kitabu chini wiki moja, ukirudi unauliza huyu ni nani tena. Lakini sijasoma kingine kinachoeleza hivi jinsi mtu wa kusini alivyojifunza kuishi Khartoum kama mgeni ndani ya nchi yake.

Na hapo ndipo tunapoumia. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, watu wetu waliokulia Khartoum wanaingia kupitia Renk, na wengine wamefika mpaka mitaa yetu. Vijana wao wanasoma Kiarabu. Sisi tuliokulia Kakuma au Uganda tunasoma Kiswahili na Kiingereza. Kwenye mazoezi ya mpira wanajigawa wenyewe bila kuambiwa. Hawa wanawaita wale Waarabu, wale wanawaita hawa Wakenya. Kumbe bibi yao anaweza kuwa mmoja, na anaweza kuwa kama Edo.

Kijana wa Kakuma akisoma Edo, ataelewa kwa nini mwenzake wa Khartoum anaongea vile na ananyamaza vile. Tatizo ni kwamba kwa Kiarabu hawezi, na Kiingereza cha riwaya kinamchosha kufika ukurasa wa kumi. Najua mtu atasema: lugha yetu wote ni Kiarabu cha Juba. Ndiyo, tunagombana nacho na tunapatana nacho. Lakini kinasemwa kuliko kinavyoandikwa. Na tangu nchi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 tunasikia Kiswahili kitafundishwa shuleni. Sawa, wanafunzi watasoma nini? Salamu na majina ya matunda tu?

Kwa hiyo kitabu ninachokisubiri kuliko vyote bado hakipo: Edo kwa Kiswahili. Peponi ilisubiri miaka 28 na Nobel juu yake. Sisi hatuna muda huo, watoto wanaogombana uwanjani wako uwanjani leo. Kati ya wasomaji wa jarida hili wamo wenye Kiarabu kizuri na wamo wenye Kiswahili kizuri. Wakae meza moja, mwandishi na wachapishaji waombwe ruhusa, na kazi ianzie sura ya kwanza. Hata wakiishia hapo, watakuwa wamekaa meza moja.